Nilimwombea Kavira Hadi Wakampata

Kosa ni langu. Naanzia hapo hapo kabla sijapata nafasi ya kujitetea, maana najijua, nikianza na maelezo nitajikuta nimegeuka mwenye haki. Binti wa mwenzangu alichukuliwa kwa sababu ya mdomo wangu. Na mdomo wenyewe haukuwa unasengenya, hapana. Ulikuwa unasali!

Jina langu silitaji, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Watu wa Bwera, hapa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, watanijua tu. Basi wanijue, nimechoka kubeba hili peke yangu.

Mimi nafanya kazi kwenye ghala moja la kahawa. Wanawake tunakaa chini kwenye maturubai, tunachambua, mbovu huku, nzuri huku. Kazi ile haina watu wa kudumu. Msimu ukiwa mzuri tunajaa, ukiisha tunapungua. Kuna sisi Wakonzo wa hapa, kuna wenzetu waliokimbia vita kutoka Beni na Butembo, ng'ambo Kongo, na kuna wake za askari kutoka kambini, mtu wa Teso, mtu wa Gulu, mtu wa Arua, leo uko naye, kesho mume wake amehamishwa. Kinachotuunganisha ni Kiswahili, kila mtu na chake, na sala ya saa sita mchana.

Sala hiyo ndiyo iliyozaa grupu kwenye simu, na kiongozi wa grupu nilikuwa mimi. Mtu akiwa na shida ananiambia, mimi naiandika kama nia ya sala, naituma, wote wanaomba. Mtoto anaumwa, nia. Mume kapelekwa vitani, nia. Na Mungu anisamehe, niliipenda kazi ile kupita kiasi! Nilipenda kuwa wa kwanza kujua. Nilipenda mtu anishike mkono anipeleke nyuma ya magunia aanze, "Mama, hii ni siri yetu." Weee! Moyo ulikuwa unacheka.

Na nia zangu zilikuwa tamu, nikwambie ukweli. Mwingine angeandika, "Tumwombee dada yetu mwenye shida," basi. Mimi niliona huo ni uvivu. Dada yupi? Shida gani? Anakaa wapi? Niliandika yote, kana kwamba Mungu ni mtu wa boda anayehitaji kuelekezwa njia.

Sasa huyu Kavira. Alitoka Butembo, mjane, mtu mpole, anachambua kahawa huku midomo inacheza kwa sala. Alikuwa na binti mmoja, tumwite Neema, wa miaka kumi na sita. Walikaa Bwera muda mrefu bila mtu kujua habari zao, mpaka siku moja Kavira akanivuta nyuma ya magunia.

"Mama, minakuomba, usiambie mutu," akaniambia. Macho yake yalikuwa mlangoni. "Shemeji yangu Paluku alishakula mbuzi ya bale batu. Mbuzi ya mahari. Sasa banataka mutoto. Na mutoto angali anataka kusoma. Nilikimbia naye. Paluku iko ananitafuta."

"Sitasema na mtu," nikamwambia. "Nitasema na Mungu tu."

Siku ile ile nikaandika. Tumwombee dada yetu Kavira wa Butembo, mjane, aliyepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga na binti yake Neema, shemeji anamtafuta binti amwoze kwa nguvu, Mungu awafunike. Awafunike! Na mimi nimekwisha kuwafunua! Amina zikamiminika, mikono ya kusali, mioyo, njiwa. Nikaenda kulala nimeridhika.

Haukupita muda, Paluku akatokea Bwera na wanaume wawili. Hawakuuliza njia. Hawakuzunguka sokoni. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya mashine ya kusaga! Kwa bahati Neema alikuwa bombani anachota maji, jirani akamfanyia ishara, akaacha jerikani hapo akaruka ukuta wa nyumba ya watu, akatoroka. Kavira alipopata habari alikuja ghalani mbio.

"Nani alibaonyesha nyumba?" akawa anauliza. "Nani, mama? Nani?"

Hapo ndipo shetani wa kushuku aliponiingia. Kwa sababu nilijua mara moja, maneno yametoka kwenye grupu. Ila haikunijia hata kidogo kwamba ni mimi niliyeyaweka humo. Nilichotaka kujua ni nani kayatoa!

Nikaanza kuwachunguza. Nikikaa kwenye turubai mikono inachambua kahawa, macho yanachambua watu. Huyu mbona simu yake imegeuzwa chini? Yule mbona kanyamaza nilipoingia? Huyu jana alikuwa na sabuni mpya, kaitoa wapi? Nilifika mahali nikamshuku hata mtu aliyekohoa.

Mwisho macho yangu yakamwangukia Mama Apio.

Mama Apio alikuwa mke wa askari, mgeni kwetu, mrefu, hacheki ovyo. Mume wake alikuwa analinda mpakani. Haya, nikasema moyoni, mpakani! Paluku kapita wapi kama si mpakani? Tena Mama Apio alikuwa anaongea na simu kwa lugha yao, mimi sielewi neno, halafu anacheka. Anacheka nini? Na kabla ya Paluku kuja, nilimsikia kwa masikio yangu akimwuliza Kavira, "Wewe unakaa upande gani?" Kumbe alitaka waongozane njiani. Lakini kwangu mimi huo ukawa ushahidi.

Na kulikuwa na kingine. Wake za askari wana grupu lao la kambini, na mwenzao akihamishwa tu, siku hiyo hiyo wanamtoa. Mama Apio mwenyewe alitusimulia. Mimi nikasema, ona watu hawa, wanatoana kama hawakuwahi kuazimana chumvi! Mtu wa roho ngumu namna hiyo anashindwaje kuuza mtoto wa mwenzake?

Saa sita mchana, baada ya sala, mbele ya wote, nikasimama. Sikumtaja kwanza. Nikasema kuna Yuda kati yetu. Halafu nikamtazama mpaka wote wakamtazama.

"Mama, unaangalia mimi kwa nini?" akauliza.

"Mume wako yuko mpakani."

"Sasa? Yeye anafanya kazi yake. Mimi nilisoma hiyo nia, nikaomba. Nikaomba kabisa, kwa sababu na mimi niko na msichana. Wewe unasema mimi nauza mtoto ya mtu?"

"Mimi sijasema. Umesema mwenyewe."

Jamani, neno lile! Nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Niliona nimejibu kwa akili sana. Wanawake wakaguna. Mama Apio akavua kitambaa alichokuwa amejifunga cha kazi, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya turubai.

"Haya. Toa mimi," akasema. "Lakini siku utajua, usikuje kwangu na machozi."

Nikamtoa kwenye grupu pale pale, simu mkononi, watu wanaona. Hakurudi ghalani tena. Siku iliyofuata mume wake akaja mpaka getini kwangu na sare zake. "Mama, leta ushahidi," akaniambia. "Leta ushahidi ama funga mdomo. Bibi yangu analia tangu jana." Nikafunga mlango. Na moyoni nikasema, unaona walivyokasirika, wamekamatika hao.

Kavira na Neema tukawahamisha. Mimi ndiye niliyetafuta mahali, kwa dada yangu, mtoto wa baba mdogo, kule Bugoye. Mbali, bondeni, watu wa kulima, nani atawafuata? Dada akawapokea vizuri. Neema akapata shule. Nilimnunulia daftari na kalamu, na siku ile alipovaa sare nilimpiga picha, anacheka, jua liko usoni. Nilijisikia mama wa maana.

Unajua nilichofanya, au nikuambie?

Nikatuma ushuhuda. Adui si nimekwisha kumtoa? Grupu si limebaki la watu wetu? Nikaandika, Bwana asifiwe, maombi yenu yamejibiwa, dada yetu Kavira sasa yuko Bugoye kwa ndugu yangu, Neema ameanza shule. Jina la shule nikaliweka. Na picha nikaiweka! Tiki zikageuka bluu zote, maana yake kila mtu kwenye grupu amesoma. Zamani hazikuwa zinageuka, muda mrefu zilikuwa zinabaki za kijivu, na mimi nilikuwa nikinung'unika kwamba kuna mtu anapuuza sala. Nikafurahi. Nikasema, Yuda katoka, na watu wanasoma wote.

Walimchukua Neema njiani akitoka shule. Pikipiki mbili. Dada yangu alinipigia simu analia mpaka sikumwelewa, nikawa namwambia, sema polepole, sema polepole, na huku tayari nimeshaelewa.

Kavira hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga kofi! Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya dada, ameshika daftari la Neema.

"Mama, uliambia nani?"

"Mungu tu," nikasema. Na Mungu mwenyewe alinisikia nikisema hivyo.

Akanitazama. "Mungu hana pikipiki," akasema.

Nilitoka pale. Na bado, sikia ubishi wa moyo wangu, bado nilikuwa natafuta msaliti! Mama Apio hayumo tena, basi nani? Nikakaa chini ya mti wa kahawa wa dada, nikafungua ule ushuhuda, nikaangalia majina ya waliosoma, mmoja mmoja. Huyu kasoma. Huyu kasoma. Huyu anaweza? Huyu hapana, ni mcha Mungu. Nikashuka, nikashuka.

Mama Bosco amesoma.

Yesu wangu! Simu ilinianguka. Mama Bosco tulimzika!

Hapa kuna jambo sikukuambia, na si kwa ujanja, ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeacha kulifikiri. Mama Bosco alikuwa mwenzetu wa tangu mwanzo, mama wa sala hasa. Alipofariki, namba yake hatukuitoa kwenye grupu. Sisi hatufanyi hivyo. Tulisema jina lake libaki mpaka misa ya mwaka, tuendelee kusali naye. Nani angekuwa na moyo wa kubonyeza mahali akamfukuza marehemu? Waliohama walijitoa wenyewe. Waliohamishwa na waume zao walijitoa. Aliyekufa hawezi kujitoa.

Na siku ya kumaliza matanga, ndugu zake walipogawana vitu vyake, nguo kwa dada zake, majembe kwa watoto, simu ilipewa mdogo wake, Muhindo, anayefanya biashara ya mbuzi ng'ambo na huku. Nilikuwepo! Nilipiga makofi pamoja na wengine! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipeleka ile simu kuchajiwa ili akabidhiwe ikiwa inawaka. Iko na laini yake, iko na grupu letu ndani, iko na nia zetu zote. Kumbe tiki ziliacha kuwa za kijivu siku Muhindo alipoanza kusoma.

Nilimfuata sokoni Mpondwe, pale mpakani. Nilikwenda na hasira ya kumrarua mtu. Nilimkuta anafunga mbuzi kamba, hana hata habari.

"Muhindo, wewe ndiye uliyemwambia Paluku?"

"Ndiyo," akasema. Hivyo hivyo, bila kushtuka. "Paluku ni mutu yangu, tunafanya kazi pamoja. Aliniambia muke wa ndugu yake aliiba mutoto wa ukoo. Nikaona kwa simu, nikamusaidia. Kuna ubaya?"

"Umeiba siri zetu!"

Akaiacha kamba, akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenye homa.

"Mama, mimi sikuiba kitu. Ni ninyi munanitumia kila siku. Nilifikiri munajua niko."

Na kweli alikuwepo. Nikwambie, niliondoka pale sokoni watu wananipita na mizigo, nami najihesabia makosa yangu mwenyewe. Mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu niliyemjua mwenye mume mpakani. Unaelewa nilikokwenda. Getini kambini wakaniuliza, "Wewe nani? Unataka nani?" Nikasema nimekuja kwa Mama Apio kuomba msamaha. Yule askari akacheka, akaniambia nikae kwenye jua nisubiri.

Alipotoka nilipiga magoti pale pale kwenye changarawe. Nikamwambia yote, sikuficha. Nilikuwa nalia. Nilikumbuka alivyoniambia nisiende kwake na machozi, nikajaribu kuyazuia, yakakataa.

"Simama," akasema. "Mtoto iko wapi?"

"Nisamehe kwanza, mwenzangu."

"Mimi nasema mtoto iko wapi! Wewe unataka tuzungumze habari yako, ama habari ya mtoto?"

Nikasimama. Akamwita mume wake. Afande hakunisalimu, aliniuliza maswali mafupi mafupi, rangi ya pikipiki, sura ya Paluku, Muhindo anauza mbuzi wapi, akaenda. Yaliyofuata siyajui yote, na sehemu niliyoijua nimeapa kutoisimulia. Itoshe kusema walikuwa bado hawajafika naye mbali, wamemfungia kwenye nyumba upande wa pili wa mpaka wakisubiri wale waliotoa mbuzi wa mahari. Polisi wa huku wakaongea na wa kule. Neema akavushwa darajani asubuhi, na sare yake ya shule ile ile ya kwenye picha.

Kavira alimkumbatia wakakaa chini barabarani, malori yanapiga honi, hawasikii. Mimi nilisimama pembeni. Nikasogea nimguse mtoto bega. Akajikunja, akajificha kwa mama yake. Kwangu mimi! Mimi niliyemnunulia daftari! Na alikuwa na haki.

Mama Apio ndiye aliyewachukua, akawapeleka anakojua yeye. Kabla hawajaondoka Kavira alinijia. Nilifikiri sasa atanilaani.

"Mama, uendelee kuniombea," akasema. "Lakini usitaje jina yangu. Mungu ananijua."

Grupu nimelivunja. Mama Apio nilimwomba arudi ghalani, akasema hapana, na hana kinyongo, ila hawezi kukaa tena kwenye turubai moja na mimi. Wanawake wenzangu nao wamebadilika. Hakuna anayenivuta nyuma ya magunia siku hizi. Wakinong'ona nikakaribia, wanaanza kuongea habari za mvua. Na mimi badala ya kutubu naumia, halafu naanza kushuku, wanasemaje kuhusu mimi? Nani kaanza? Ugonjwa haujapona, nikwambie ukweli.

Wewe unayesoma, una grupu la ukoo, una la kazini, una la kanisani. Leo kabla hujatuma kitu, shuka uyasome majina yote mpaka la mwisho. Yupo aliyeachana na kaka yako na bado anasoma siri za familia. Yupo aliyefukuzwa kazi na bado anajua funguo za stoo zinawekwa wapi. Yupo aliyepoteza laini, na namba yake anayo mtu usiyemjua. Yupo marehemu. Mtoe! Mlilie, msomee misa, weka picha yake ukutani, lakini kwenye grupu mtoe. Na hata wakibaki watu unaowajua wote, jiulize huyo mgonjwa unayemwombea, Mungu anahitaji namba ya nyumba yake?

Nimesema yote, limebaki moja, nalo ni zito kuliko yote.

Sijui Kavira na Neema wako wapi. Nilimwuliza Mama Apio tulipokutana njiani, nikamwambia nataka tu kujua kama mtoto anasoma. Akasema, "Wako salama. Hiyo inakutosha." Lakini hainitoshi! Kila mgeni anayekuja ghalani namwuliza ametokea wapi, halafu kwa mbali, kwa ujanja, namwuliza kama huko kuna mama wa Butembo na binti yake. Najisikia nikiuliza na siwezi kunyamaza.

Basi kama wewe unawajua, kama ni jirani zao, kama mtoto huyo anasoma na wako, siku moja utakutana na mwanamke hapa Bwera, mchangamfu, mwenye huruma, atakusalimia vizuri na kukuuliza habari zao kwa machozi ya kweli machoni. Ni mimi. Usinijibu.